Hesabu na Dalili: Historia ya Ushahidi wa Njia za Asili za Kupanga Uzazi

Katika Kiswahili neno mwezi lina maana tatu zilizo karibu. Kwanza ni mwezi wa mbinguni. Pili ni muda wa siku 29 au 30 upimwao kwa kuandama kwake. Tatu ni damu imjiayo mwanamke, ndiyo maana aliye katika hedhi husemwa kuwa yumo mwezini. Ujamaa wa maana hizi hupatikana katika lugha nyingine pia: neno la Kilatini mensis, yaani mwezi, ndilo asili ya jina la hedhi katika utabibu wa Ulaya. Ndani ya majina hayo imo dhana ya kale, kwamba damu ya mwanamke hufuata hesabu thabiti kama ya mwezi mwandamo, na kwamba ajuaye kuhesabu siku ayajua yanayotendeka ndani ya tumbo la uzazi. Historia ya njia za asili za kupanga uzazi ni historia ya dhana hiyo kupimwa, kuonekana pungufu, na kuziachia nafasi dalili za mwili wenyewe.

Njia za asili ni zile zisizotumia dawa wala chombo cha kuzuia mimba. Mume na mke huzitambua siku ambazo mimba yaweza kutungwa, nao hujizuia katika siku hizo ikiwa hawataki mtoto, au hukutana ndani yake ikiwa wamtaka. Jina uzazi wa majira, lililopata kutumika Tanzania kwa upangaji wa uzazi wa kila namna, kwa maana yake halisi lazifaa njia hizi kuliko nyingine zote, maana majira ni wakati wa jambo. Lakini wakati huo hujulikanaje? Hapo pana maswali mawili. La kwanza: je, majira hayo hutambulikana kwa hakika? La pili: je, watu wakiisha kuyatambua huyafuata? Ubishi mwingi juu ya njia hizi umetokana na kuyachanganya maswali hayo mawili.

Kosa la kiyasi

Tabibu Soranus wa Efeso, aliyeishi katika karne ya 2, alifundisha kwamba wakati bora wa kutunga mimba ni pale hedhi inapokwisha. Fikra hiyo ilidumu muda mrefu mno, na katika karne ya 19 ilipata sura ya elimu mpya. Mwaka 1843 Theodor Bischoff wa Ujerumani alionyesha kwamba yai la mbwa jike hutoka lenyewe wakati wa joto lake, hata asipopandwa. Mwaka 1847 Félix Pouchet wa Ufaransa aliendeleza fikra ya namna hiyo. Kwa kuwa mbwa jike hutokwa na damu ajapo kwenye joto, madaktari walifanya kiyasi: damu ya mwanamke ni sawa na damu ya mbwa, basi yai lake nalo hutoka karibu na hedhi. Kutokana na hayo walikata shauri kwamba siku za katikati, kati ya hedhi moja na nyingine, ndizo zisizo na mimba.

Shauri hilo lilikuwa kinyume kabisa cha ukweli. Waliolifuata walijizuia katika siku ambazo mimba ni nadra, wakakutana katika siku ambazo mimba ni karibu. Kosa halikuwa la kuhesabu, kwa maana hesabu yenyewe ilikuwa sahihi; kosa lilikuwa la kujenga hesabu juu ya msingi usiochunguzwa kwa mwanamke mwenyewe.

Ogino na Knaus

Msingi ulirekebishwa na watu wawili waliofanya kazi mbalimbali bila kushirikiana. Kyusaku Ogino alikuwa tabibu wa wanawake katika mji wa Niigata, Japani. Alipowapasua wagonjwa wake aliviangalia vifuko vya mayai, akaona kama yai limekwisha kutoka au bado, kisha akalinganisha aliyoyaona na tarehe za hedhi za kila mgonjwa. Alitangaza matokeo yake kwa Kijapani mwaka 1924, na kwa Kijerumani mwaka 1930. Hermann Knaus wa Graz, Austria, alifika karibu na hapo kwa njia nyingine, akichunguza jinsi misuli ya mji wa mimba inavyobadilika baada ya yai kutoka. Naye alitangaza matokeo yake katika miaka ya mwisho ya 1920.

Ugunduzi wa Ogino waweza kuelezwa kwa sentensi moja: yai hutoka kati ya siku ya 12 na ya 16 kabla ya hedhi inayofuata. Uzito wa sentensi hiyo umo katika maneno mawili ya mwisho. Waliomtangulia walihesabu kwenda mbele kutoka hedhi iliyopita. Yeye alihesabu kurudi nyuma kutoka hedhi ijayo. Sehemu ya mzunguko iliyo baada ya yai kutoka haibadiliki sana, bali sehemu ya kabla yake ndiyo inayorefuka na kufupika. Mwanamke mwenye mzunguko wa siku 35 hachelewi kupata hedhi. Achelewacho ni yai.

Lakini hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Hedhi ijayo haijulikani siku yake mpaka ije, na ikiisha kuja habari ya yai imekwisha kupitwa na wakati. Hivyo ilibidi kukisia ya mbele kwa kutazama ya nyuma. Katika kanuni iliyoenea, mwanamke huandika urefu wa mizunguko yake kwa miezi kadhaa. Hutoa 18 katika mzunguko mfupi kupita yote apate siku ya kwanza ya kujizuia, na hutoa 11 katika mzunguko mrefu kupita yote apate siku ya mwisho. Aliye na mizunguko ya siku 26 hadi 32 hujizuia tangu siku ya 8 hadi ya 21. Daktari Jan Smulders wa Uholanzi aliigeuza elimu hii kuwa njia ya kutumiwa na watu katika mwaka 1930, na mwaka 1932 Leo Latz alichapisha kitabu juu yake mjini Chicago.

Wakati huo huo dini iliingia katika habari hii. Mwishoni mwa 1930 Papa Pius wa 11 alitoa waraka wa Casti Connubii uliokataza njia za kutengenezwa za kuzuia mimba. Mwaka 1951 Papa Pius wa 12 aliwaeleza wakunga Wakatoliki kwamba kufuata siku zisizo za mimba kwaweza kuruhusiwa kwa sababu nzito. Na mwaka 1968 Papa Paulo wa 6 alilithibitisha jambo hilo katika Humanae Vitae. Ndiyo sababu uchunguzi mwingi uliofuata ulifanywa na madaktari Wakatoliki. Jambo hili lafaa kukumbukwa kwa mizani iliyo sawa: nia ya mchunguzi si ushahidi, wala si dosari ya ushahidi. Takwimu hupimwa kwa namna zilivyokusanywa.

Joto la mwili

Dalili ya kwanza kuingia katika elimu hii ilikuwa joto. Mary Putnam Jacobi, daktari wa New York, alikwisha kuonyesha katika miaka ya 1870 kwamba joto la mwili wa mwanamke hupanda na kushuka kwa kufuata mzunguko wake. Theodoor van de Velde wa Uholanzi alieleza mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba mchoro wa joto hilo una ngazi mbili, ya chini kwanza na ya juu baadaye, na baadaye ngazi ya juu ilifungamanishwa na yai kutoka. Sababu yake ilijulikana homoni ya projesteroni ilipotengwa katika miaka ya 1930: yai likiisha kutoka, mahali lilipotoka huzalisha homoni hiyo, nayo hupandisha joto kwa sehemu 2 hadi 5 za kumi za digrii moja. Mwaka 1935 Wilhelm Hillebrand, padre wa Ujerumani, aliitumia dalili hii katika kupanga uzazi.

Joto ni shahidi mkweli, ila ni shahidi anayefika baada ya tukio. Hueleza kwamba yai limetoka. Halielezi kwamba liko karibu kutoka. Tofauti hii ilionekana wazi katika takwimu za miaka ya 1960. Kipimo kilichotumika ni kile cha Raymond Pearl wa Marekani, yaani idadi ya mimba zitokeazo kwa wanawake 100 katika muda wa mwaka mmoja. Gerhard Döring wa Ujerumani alipata mwaka 1967 mimba 0.8 kwa waliokutana baada ya joto kupanda tu, na 3.1 kwa waliokutana pia katika siku za mwanzo wa mzunguko. John Marshall wa Uingereza, katika uchunguzi wa wanawake 502 uliotolewa mwaka 1968, alipata 6.6 kwa kundi la kwanza na 19.3 kwa kundi la pili. Takwimu za mabwana hawa wawili hazikulingana, lakini zilielekea upande mmoja: udhaifu ulikuwa katika siku za kabla ya yai, ambazo joto halina neno juu yake.

Ute

Pengo hilo lilizibwa na dalili iliyokuwa imeonekana zamani na kusahauliwa. Tyler Smith wa Uingereza alieleza habari za ute wa shingo ya uzazi mwaka 1855, na mwaka 1933 Séguy na Vimeux wa Ufaransa waliuhusisha na kutoka kwa yai. Hata hivyo aliyeufanya ute kuwa njia ni John Billings, daktari wa mishipa ya fahamu wa Melbourne, Australia, aliyeanza uchunguzi wake mwaka 1953 na kuuendeleza pamoja na mkewe, Daktari Evelyn Billings. Walichokifanya chastahili kuangaliwa na wanafunzi wa lugha: waliwauliza wanawake wayaeleze kwa maneno yao wenyewe wayaonayo na wayahisiyo siku kwa siku. Maelezo yalifuatana kwa utaratibu mmoja: ukavu baada ya hedhi, kisha unyevu wenye kunata, kisha utelezi wa kitu kinachovutika bila kukatika, kisha ukavu tena.

Maneno hayo yalithibitishwa kwa vipimo. James Brown, bingwa wa homoni mjini humo, alipima homoni zilizomo katika mkojo wa wanawake walioandika dalili zao, na matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1972. Siku ya mwisho ya utelezi iliangukia karibu sana na siku ya yai kutoka. Kwa hiyo ushuhuda wa mwanamke asiye na chombo chochote ulionekana kukubaliana na ushuhuda wa maabara.

Hapa Kiswahili kina bahati. Waalimu wa njia hii hufananisha ute wa siku za mimba na sehemu nyeupe ya yai bichi la kuku. Katika lugha nyingine mfano huo hutaka maelezo. Katika Kiswahili sehemu ile ya yai na majimaji yale ya mwili huitwa kwa neno lile lile, ute, na mlinganisho umo tayari ndani ya neno.

Maswali mawili yatenganishwa

Shirika la Afya Ulimwenguni lilianzisha uchunguzi mkubwa wa njia ya ute katika Auckland, Bangalore, Dublin, Manila na San Miguel ya El Salvador, na matokeo yalitolewa mwaka 1981. Wanawake 869 walifundishwa, na zaidi ya tisa katika kila kumi waliweza kuitambua dalili tangu mzunguko wa kwanza. Miongoni mwao walikuwamo wasiojua kusoma. Kisha 725 walifuatwa waonekane kama wangepata mimba. Jumla ilikuwa mimba 22.3 kwa kipimo cha Pearl. Lakini kati ya hizo, 15.4 zilitokana na watu walioijua siku kuwa ni ya mimba nao wakakutana, na 2.8 tu zilihesabiwa kuwa kasoro ya njia yenyewe.

Watetezi wa njia walishika 2.8, na wapinzani wake wakashika 22.3. Mwaka 1990 James Trussell na Laurence Grummer-Strawn waliyachambua upya matokeo hayo, wakaonyesha kwamba pande zote mbili zimekosea namna ya kuhesabu. Haifai kugawa mimba za makosa kwa mizunguko yote. Zapasa kugawanywa kwa mizunguko ile iliyokuwa na makosa. Walipofanya hivyo walipata kwamba wanaofuata kanuni kikamilifu, 3.1 katika 100 hushika mimba katika mwaka wa kwanza. Lakini kama kila mzunguko ungekuwa na makosa, wangeshika mimba 86.4. Kwa maneno mengine, dalili ni kweli, na kwa sababu ni kweli haimsamehe anayeipuuza. Anayekutana katika siku ambazo dalili imezitaja kuwa za mimba amechagua siku zenye mimba kuliko zote.

Uthabiti wa dalili uliongezwa nguvu mwaka 1995, Allen Wilcox na wenzake walipochapisha uchunguzi wa wanawake 221 wa North Carolina, Marekani, waliokuwa wakitaka mimba na wakitoa mkojo wao kila siku upimwe. Mimba zote ambazo siku yake ya kutungwa ilijulikana zilitungwa ndani ya siku sita zinazokwisha na siku ya yai kutoka. Baada ya siku hiyo hapakuonekana hata moja. Sababu ni kwamba mbegu za mume huweza kungoja siku kadhaa, bali yai halingoji. Mwaka 2000 wachunguzi hao walionyesha pia kwamba ni kama wanawake 30 tu katika 100 ambao siku zao sita zote huangukia kati ya siku ya 10 na ya 17 ya mzunguko, kama vitabu vya mafundisho vilivyokuwa vikisema. Hapo dhana ya mwezi thabiti ilipata hukumu yake: majira yapo na ni mafupi, ila kalenda haiyajui.

Kuunganisha, na kurahisisha

Tangu hapo elimu imekwenda katika njia mbili. Ya kwanza ni kuunganisha dalili: ute kwa kufungua majira, joto kwa kuyafunga. Josef Rötzer wa Austria alikwisha kuichapisha njia hiyo mwaka 1965. Mwaka 2007 Petra Frank-Herrmann na wenzake walitoa matokeo ya wanawake 900 wa Ujerumani na mizunguko 17,638: mimba 1.8 katika wanawake 100 baada ya mizunguko 13 kwa jumla, na 0.4 kwa waliojizuia siku zote zilizotakiwa. Ni matokeo mazuri mno, lakini ni ya wanawake waliofundishwa vema na waliojichagulia njia hiyo.

Njia ya pili ni kurahisisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown walirudi kwenye hesabu, lakini hesabu yenye mipaka: ni kwa wanawake ambao mizunguko yao ni ya siku 26 hadi 32 tu, nao hujizuia tangu siku ya 8 hadi ya 19. Kumbukumbu huwekwa kwa shanga za CycleBeads, kila punje siku moja, rangi nyingine kwa siku za mimba na nyingine kwa siku zisizo za mimba. Uchunguzi uliofanywa Bolivia, Peru na Ufilipino, uliotolewa mwaka 2002, ulipata mimba karibu 5 katika 100 kwa waliofuata sawasawa, na karibu 12 kwa matumizi ya kawaida. Shanga hizi zimefika hata Rwanda na Kongo.

Pamoja na hayo, uchambuzi wa jumla uliochapishwa mwaka 2018 na kukusanya chunguzi 53 za njia hizi haukuona hata moja yenye ubora wa daraja la juu. 21 zilikuwa za wastani na zilizobaki za chini. Ushahidi upo, lakini wataka kuongezwa.

Kunyonyesha

Ipo njia nyingine ya asili isiyohusu hesabu wala dalili za yai, nayo imegusa maisha ya Afrika Mashariki tangu zamani. Kiswahili kina kitenzi kubemenda, yaani kumdhoofisha mtoto anyonyaye kwa wazazi kukutana, au kwa mama kushika mimba, kabla ya kuachishwa ziwa. Katika neno hilo ulinzi ni kujizuia, na anayelindwa ni mtoto. Elimu ya siku hizi imeona jambo jingine ndani yake: kunyonyesha kwenyewe huzuia yai lisitoke. Mkutano wa wataalamu uliofanyika Bellagio, Italia, mwaka 1988 ulikubaliana kwamba kinga hiyo hufikia asilimia 98 kwa masharti matatu: mtoto anyonye bila chakula kingine au karibu na hivyo, hedhi iwe haijarudi, na mtoto asipite miezi sita. Sharti moja likivunjika, kinga imeondoka. Desturi ilisema miaka miwili. Ushahidi wasema miezi sita. Pale mama anapoutegemea muda wa desturi bila kujizuia kulikokuwamo ndani yake, ndipo mimba inapomjia asiyoitazamia.

Maneno na dhamana yake

Tofauti ya hesabu na dalili si ngeni katika elimu ya pwani. Vitabu vya fikihi vya madhehebu ya Shafi, pamoja na Minhaj ya Imamu Nawawi, vinapoeleza hukumu ya mwanamke ambaye damu yake haikatiki, hutofautisha ada, yaani hesabu ya siku alizozizoea, na tamyizi, yaani kuipambanua damu kwa sifa zake. Na vikikutana viwili hivyo, tamyizi hutangulizwa. Hukumu hiyo ni ya ibada, haina habari ya kutunga mimba, wala haifai kugeuzwa ushahidi wa utabibu. Lakini yaonyesha kwamba msamiati wa kupambanua mambo haya umekuwamo katika lugha ya wanazuoni tangu zamani, na kwamba mtu anayefundisha kwa Kiswahili halazimiki kuanza na mikono mitupu.

Yampasa, hata hivyo, kuchagua maneno kwa uangalifu, maana katika jambo hili kosa la neno huzaa mtoto. Usemi siku salama waleta ahadi mbili kwa pamoja: kwamba siku zajulikana kabla, na kwamba ndani yake hapana hatari. Ahadi ya kwanza ilivunjwa na Ogino mwenyewe, alipoonyesha kwamba hesabu huanza na hedhi isiyokuja bado. Ya pili ilivunjwa na takwimu zote zilizofuata. Yafaa zaidi kusema siku za mimba na siku zisizo za mimba, na kuongeza kwamba dalili ndizo zitambulishazo hizi na hizi. Kadhalika hapana tarakimu ya njia hizi inayostahili kutajwa peke yake. Atajaye 3 bila kutaja 22 ameficha udhaifu wa watu. Atajaye 22 bila kutaja 3 ameficha ukweli wa dalili. Mwanamke anayetaka kuamua anastahili kupewa tarakimu zote mbili, kwa lugha yake, pamoja na maelezo ya kila moja yatokako.